Baba Mkwe Aliyekataa Kuchimba Dawa

Wenzangu wa kwaya, tangu Jumapili mnanivuta pembeni mmoja mmoja. Mnataka kujua yule mgeni, mzee wa koti la kijivu, aliniinamia akaniambia nini katikati ya mahubiri hata nikashindwa kuingia kwenye ubeti wa pili. Kila nikianza kueleza naanzia katikati, nacheka, halafu nalia, na muda wa mazoezi unaisha. Basi nimeamua kuandika mara moja, msome wote, msinisumbue tena. Habari za rufaa, mihuri na foleni za dirishani naziruka, kwa sababu hakuna kati yenu asiyezijua. Nitaeleza njia tu, na yaliyotupata njiani mimi, baba mkwe wangu na jiwe lake.

Kutoka mlimani hadi Makumira

Baba mkwe anaitwa Mzee Anaeli. Anaishi juu ya Makumira, kwenye kahawa na migomba aliyoachiwa na baba yake. Ni mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa yangu, nadhani yote tuliyosemezana yangetosha ukurasa mmoja wa daftari: shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mvua imenyesha. Siyo kwamba hanipendi. Ndivyo mkwe na mkwe wanavyoishi kwao, na hata kwetu Machame ni hivyo hivyo. Mnaheshimiana kwa kukaa mbali kidogo.

Maumivu yalimwanza kabla ya kuchuma kahawa. Yalianzia mgongoni, chini ya mbavu upande wa kushoto, yakashuka mbele hadi kinenani, na yalikuwa yanakuja na kuondoka. Yakija, hawezi kukaa wala kulala. Anazunguka shambani akishika mgomba huu na ule. Mama mkwe aliona damu kwenye mkojo wake, akanyamaza wiki tatu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Ningeanzaje kusema, na hayo ni mambo ya baba yenu?"

Picha ya tumbo ilionyesha jiwe la milimita tisa limekwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Mkojo ulikuwa unapita kwa shida, na figo yenyewe imeanza kuvimba. Daktari aliniita pembeni. "Mama, jiwe kubwa hivi halitoki lenyewe kirahisi. Likikaa hapo, figo itakufa. Mpeleke wiki hii, siyo mwezi ujao. Na njiani akipata homa ya kutetemeka, au mkojo ukikata kabisa, ingieni hospitali yoyote iliyo karibu, msingoje kufika." Mashine ya kuvunja mawe tuliyopangiwa ilikuwa Dodoma.

Kwa kawaida mtoto wa kiume ndiye anayempeleka baba yake. Lakini mume wangu yuko kazini Mtwara, wifi alikuwa amejifungua wiki ileile, na mama mkwe magoti yake hayamruhusu hata kushuka hadi lami. Nikabaki mimi, fundi cherehani mwenye mdomo mrefu.

Nilipokwenda kumchukua, nilimkuta amesimama uani na koti lake la ibada, fimbo mkononi. Mama mkwe alinipa kikapu chenye ndizi za kuchoma, mayai na chupa mbili za maji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu hanywi maji. Mkazanie."

"Kwa nini hanywi?"

"Anasema maji ya huku ndiyo yenye mawe. Tazama meno yetu."

Mnayajua meno ya watu wa mlimani, ule ukahawia ambao hautoki hata ukipiga mswaki na mchanga. Baba alishajihesabia kwamba maji yanayoharibu meno hayawezi kuacha figo salama. Juu ya hapo, jirani mmoja alikuwa amemwambia aache maziwa maana yanaganda ndani, kwa hiyo hata loshoro, mahindi yake kwa maziwa mgando aliyoyala tangu utotoni, alikuwa ameacha. Nilitazama lile koti. Lilikuwa limemzidi mabegani.

Daraja Mbili

Alilala kwangu siku moja kabla ya safari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala kwetu mjini, Daraja Mbili, na nilifagia kama vile anakuja askofu. Nilimweka kwenye kiti kikubwa karibu na mlango. Choo chetu kiko ndani, na ili ufike lazima upite mbele ya cherehani yangu. Sikuliwaza hilo. Niliona tu kwamba anatoka nje mara kwa mara kuangalia barabara, anasimama kidogo getini, anarudi. Nikadhani anapenda magari.

Jioni ya saa kumi na moja nikampelekea maji ya uvuguvugu kwenye kikombe. Akakishika bila kunywa. Hapo ndipo nikafungua mdomo wangu.

Mnajua lugha ya mabasi. Abiria hasemi anataka kukojoa. Anasema anakwenda kuchimba dawa, na basi linasimama, watu wanaingia vichakani, maisha yanaendelea. Mimi sikuweza kutamka mkojo mbele ya baba mkwe, nikaona nimepata neno la heshima kabisa.

"Kunywa tu, Baba," nikasema. "Usihofu safari. Njiani basi litasimama, tutachimba dawa."

"Tutachimba dawa?"

"Ndiyo, Baba. Kila mtu anachimba."

"Na wewe unachimba?"

"Na mimi."

Akakiweka kikombe chini taratibu. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama, halafu akasema amechoka, anaomba kulala. Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati ya jirani.

Kisongo, na uwanda wa Makuyuni

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Baba alipata kiti cha upande wa njia, mimi ng'ambo yake, na dirishani kwake alikaa mzee mmoja Mrangi wa Kondoa, bwana miti mstaafu. Alijitambulisha kwa jina la Mzee Jumanne kabla hatujakaa vizuri, na kabla ya kutoka mjini tulishajua idadi ya wajukuu wake.

Kisongo tulisimama karibu saa nzima. Mlango wa basi ulikuwa umegoma kufunga. Dereva aliupiga teke, kondakta akaubembeleza, fundi akaitwa, na mwishowe ukafungwa kwa kamba ya katani iliyotolewa na mama mmoja aliyefungia nayo kuku wake. Kuku akabaki huru, akasafiri chini ya viti hadi Babati. Abiria walilalamika, lakini Baba alikuwa ametulia, anatazama Mlima Meru uliokuwa wazi nyuma yetu.

"Mama Neema," akasema, "hapa siyo mbali na nyumbani. Mtu anaweza kurudi."

Nikadhani anaogopa kisu. Nikamwambia siku hizi kwa mawe kama yake hawapasui, mgonjwa analala, mashine inapiga mawimbi juu ya ngozi, jiwe linakuwa chenga na kutoka lenyewe.

"Na hiyo dawa ya njiani, ya nini tena?"

Nikacheka. Nilidhani baba mkwe wangu amenitania kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, na nilifurahi kweli. Nakumbuka hata nilimpigia mume wangu kumweleza.

Tulipopita Makuyuni, basi likasimama kwenye uwanda mtupu wenye migunga michache. Kondakta akatangaza, "Wa kuchimba dawa, dakika tano. Kina baba kushoto, kina mama kulia." Basi karibu zima likashuka. Nilimwambia Baba, "Twende basi," akatikisa kichwa, mikono yote miwili juu ya fimbo. Niliporudi nikijifunga khanga vizuri, alikuwa palepale.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Baba."

"Umeipata?"

Niliona ni swali la ajabu kidogo kwa mkwe, lakini mgonjwa ni mgonjwa. "Nimeipata," nikamjibu, nikageukia dirisha. Chupa ya maji niliyompa Kisongo ilikuwa haijapungua hata kidole kimoja.

Babati

Babati walitupa dakika ishirini za chakula. Watu walikimbilia wali na samaki. Mimi na Baba tulipata meza ya pembeni na ndizi zetu za kuchoma. Hakufika ya pili. Maumivu yalimkamata ghafla, akashika ukingo wa meza, jasho likamtoka kwenye paji la uso na midomo ikawa ya kijivu. Nikatoa kidonge alichopewa hospitali. Alikigeuza mkononi.

"Hiki kimetoka hospitali?"

"Ndiyo, Baba. Kunywa na maji mengi."

Akakimeza kwa funda moja dogo, akausukuma mkono wangu wenye chupa. Na mimi, mnanijua, nikashindwa kujizuia. Nilimfokea mzee wa watu mbele ya wapishi na abiria.

"Baba, ukikataa maji unajiua mwenyewe. Figo yako inakufa, na mimi nitamwambia nini Baba Neema?"

Baba hakukasirika. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Mama Neema, kama nimewachosha semeni. Nirudishe kwa mama yako nifie kwenye kahawa yangu. Lakini msinipeleke kwa waganga. Mdogo wangu Elia alishikwa na kiuno hiki hiki. Walimchimbia mizizi, akanywa wiki mbili, akavimba miguu, tukamzika. Mimi nilishika jembe la kuchimbia ile mizizi. Niliapa sitashika tena, wala sitainywa."

"Waganga gani, Baba?"

"Wewe mwenyewe ulisema. Na leo nimekuona kwa macho yangu ukiingia porini na basi zima."

Maneno yote ninayoyajua yalikwama, maana ili kumweleza ilibidi nitamke lile ambalo mkwe hatamki. Aliyeniokoa ni Mzee Jumanne, aliyekuwa meza ya nyuma yetu na kijiko cha supu hewani.

"Mzee mwenzangu," akasema, "wale walikwenda kukojoa."

Nikainamisha kichwa hadi karibu na sahani. Baba akamgeukia taratibu.

"Wote?"

"Wote."

"Na huyu mkwe wangu?"

"Na huyu. Hiyo ndiyo lugha ya basi. Mtu mzima atatangazaje mkojo mbele za watu? Anachimba dawa."

Baba alitazama dari. Nilisikia kiti chake kikitetemeka, nikadhani maumivu yamerudi. Nilipoinua macho niliona analia kwa kucheka, ameshika ubavu wake kwa mkono mmoja na kutafuta leso kwa mwingine.

"Basi mimi nimebana tangu jana," akasema.

Mzee Jumanne akamshika mkono, wakaenda zao nyuma ya hoteli kama wanafunzi wawili. Mimi nilibaki pale na zile ndizi, nikalia kabisa. Niliona aibu. Nikakumbuka anavyotoka getini kuangalia magari, na cherehani yangu njiani kuelekea chooni. Mtu mwenye figo iliyovimba, na mimi nimempa neno la adabu badala ya kumwonyesha choo kilipo. Na alichokuwa amebeba moyoni tangu Daraja Mbili ni kwamba wanawe wanampeleka akafe kama Elia.

Kondoa

Kutoka Babati hadi Kondoa sikusema sana, nadhani mtashangaa. Wao ndio walioongea. Baba alimaliza chupa ya kwanza, akafungua ya pili. Basi liliposimama tena alikuwa wa kwanza kuinuka, akanigeukia katikati ya njia na kunitangazia kama mtu anayeaga kwenda shamba, "Mama Neema, nakwenda kuchimba dawa."

"Haya, Baba," nikasema.

Mzee Jumanne alishuka Kondoa. Alituachia mfuko wa mbaazi, akausukuma mkono wangu nilipotaka kuukataa. Alimwambia Baba, "Ukirudi na jiwe, usinionyeshe. Nionyeshe chupa tupu." Sijui kama tutamwona tena.

Dodoma

Tulifikia kwa binamu yangu. Nilipoingia tu nilimwonyesha Baba choo kabla hata ya kumwonyesha kiti.

Daktari wa mawe alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alitazama picha mpya, akamtazama mgonjwa.

"Shikamoo, mzee. Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Marahaba. Kikombe asubuhi, kikombe jioni."

"Cha maji?"

"Cha kahawa. Ina maji ndani."

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba mkojo ukiwa mchache, chumvi zilizomo hukosa pa kuelea, zinashikana, na siku hadi siku zinakuwa jiwe. Baba akamwonyesha meno yake, akaeleza habari za maji ya mlimani.

"Hapo una nusu ya ukweli," daktari akasema. "Floraidi ya huko kwenu inaharibu meno, na ikizidi inaharibu hata mifupa. Kwa hiyo tafuta maji ya chanzo kilichopimwa, au kinga ya mvua uichemshe. Lakini kukimbia maji yote ndiko kulikokuletea hili. Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, upate lita mbili na nusu, zaidi ukilima juani. Tazama mkojo. Ukiwa mweupe karibu na maji, uko sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, figo inakudai. Chumvi punguza, na nyama usile kila siku."

"Na maziwa niliacha."

"Nani alikuachisha?"

"Jirani."

"Mwambie jirani nimeyarudisha. Maziwa ya kawaida kwenye chakula hayana kesi na wewe."

Baba alinigeukia. "Hata loshoro?" akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye daktari.

Kuvunja jiwe kulichukua kama saa moja. Nilikaa nje ya mlango, nikasikia mashine inagonga polepole bila kukoma, kama mtu anayepiga bati kwa kidole. Niliomba. Baba alitoka amechoka, ngozi ya ubavuni imekuwa nyekundu, akasema amepigwa makofi mengi kuliko yote aliyopigwa shuleni. Wakatuambia chenga zitashuka kwa siku kadhaa, mkojo unaweza kuwa na damu kidogo, na kila mara achuje, wapime jiwe lilikuwa la aina gani ili wajue namna ya kuzuia jingine.

Achuje kwa kitu gani? Chujio la chai la binamu yangu lilikuwa na matundu makubwa, na binamu mwenyewe alikuwa ananitazama kwa jicho baya. Kazi yangu ni nguo. Nilikata kitambaa cheupe chepesi, nikakishona kwa mkono kuzunguka waya, nikaupinda ukingo vizuri. Nimeshona suti za maharusi bila kutetemeka, lakini siku ile sindano ilinichoma mara mbili. Kisha ikanibidi nimkabidhi.

"Baba, hiki ni cha kuchujia... cha dawa."

Akakipokea kwa mikono miwili, akakagua mshono kama anavyokagua punje za kahawa. "Nitakachochimba nitakuletea," akasema.

Asubuhi ya pili alinikuta jikoni. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaifungua juu ya meza, na ndani mlikuwa na chenga tano au sita za kahawia, kubwa yao kama punje ya mtama. Tulisimama tunazitazama. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vinamzungusha shambani na kumfanya aage kahawa yake.

"Elia naye alikuwa na mawe haya," akasema. "Hakuna aliyemchujia."

Nikaikunja karatasi, nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wangu, mahali ninapowekaga pete ninapokanda unga. Tulipozipeleka hospitali, picha ilionyesha mrija umefunguka na figo imeanza kunywea. Daktari akasema figo imepona kufa. Alisema "arudi kuangaliwa baada ya wiki sita", na mengineyo, lakini mimi nilisikia hilo moja tu.

Kurudi

Njia ya kurudi haina habari, na nashukuru. Mlango wa basi ulifunga. Tulipofika Kisongo, Meru ilikuwa imejifunika mawingu, Baba akaisalimu hivyo hivyo. Juu ya Makumira mama mkwe alikuwa amekaa barazani na bakuli la loshoro limefunikwa kwa sahani, maana nilishampigia simu. Baba hakuvua hata koti. Alikula, akanywa maji vikombe viwili, akainuka, akatuaga sote kwa sauti kwamba anakwenda kuchimba dawa. Mama mkwe alishtuka akashika kifua. Ilinibidi nianze kueleza upya.

Tangu hapo hunipigia kila siku jioni. "Shikamoo, Baba." "Marahaba. Leo mara saba." Kisha anakata. Siku moja alisema mara nne, akaongeza mwenyewe, kwa unyonge, kwamba alisahau chupa nyumbani.

Jumapili alikuja kusali na sisi. Mlimwona amekaa mbele na wazee wetu, chupa ya maji chini ya kiti. Mahubiri yalikuwa marefu, hilo hamtabisha. Zamani angebana hadi baraka ya mwisho. Safari hii alisimama, akaja polepole mpaka kwetu safu ya sauti ya pili, akaniinamia. Masikio yake yamechoka siku hizi, kwa hiyo yeye alidhani ananong'ona, na benchi tatu zikasikia sauti bila kushika neno.

"Mama Neema," akasema, "nakwenda kuchimba dawa."

Akatoka na fimbo yake kwa mlango mkubwa, kichwa juu. Mchungaji akasema amina, kinanda kikaanza, ninyi mkaimba ubeti wa kwanza, mkaingia wa pili, na mimi nilikuwa bado nautazama ule mlango, nikimngoja arudi.